Nambari Ipo, Mheshimiwa, Inama Kidogo

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA),
Nairobi.

KUH: VIBAO VYA NAMBARI KWENYE NGANYA, NA MAGARI MENGINE YENYE HAYA

Mheshimiwa,

Kwanza pokea pongezi. Katika mji ambao hata kibanda cha makaa kina mchoro wa simba, ofisi yako imefaulu kutoa kitu kimoja ambacho hakuna fundi anayetaka kukiona. Nganya mpya, yaani matatu iliyopambwa, ikikaribia kutoka karakana, kila inchi huwa imeshapata mwenyewe: ubavu wa kulia una sura ya mwanasoka, wa kushoto ya mwanamuziki, kioo cha nyuma kina jina la gari kwa herufi zinazomzidi kimo mtoto wa chekechea, na chini ya tumbo zinawaka taa za zambarau. Ndipo mwenye gari anapochomoa vibao vyako viwili, cheupe cha mbele na cha manjano cha nyuma, vilivyotengenezwa na wafungwa wa gereza la Kamiti. Karakana nzima hunyamaza kama harusi iliyoona mdai mlangoni. Sasa, vibao hivi tuviweke wapi?

Swali hilo limezaa ufundi ambao sidhani umeripotiwa mezani pako. Majuzi, nikisubiri nganya ya Rongai ijae, niliinama kuitazama uso kwa uso. Kibao cha mbele kilikuwa ndani ya wavu wa chuma, kimerudi nyuma kiasi cha kiganja, kimelala chali kikitazama bodi la Isuzu badala ya kutazama barabara. Mdomo wa bampa ulikuwa umekata vichwa vya herufi zote, hivi kwamba D ingeweza kuwa O, na 8 ilikuwa inajifikiria. Kona moja ilishikwa na skrubu halali kabisa. Ya pili ilifungwa kwa waya, ule ule wa kufungia nondo. Zilizobaki ziliachiwa Mungu. Pembeni, taa za ukungu zilikuwa na mwanga wa kumfanya mtu yeyote aliyedhamiria kusoma aghairi.

Dere, yaani dereva wake, akanikuta nimeinama.

"Mzee, umeangusha nini?"

"Natafuta nambari."

"Ya nani?"

"Ya gari."

"Ah, hiyo ipo. Inama kidogo."

Na kweli ilikuwepo. Hapo ndipo ninapoisifu Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo inamtaka mwenye gari afunge vibao vyake "kwa namna iliyoagizwa". Dere wangu anaamini ameitimiza herufi kwa herufi. Kibao kipo, kimefungwa, tena kimefungwa mbele. Kama sheria ilikusudia kisomeke na mtu aliyesimama wima, basi ingemwambia fundi wa Kariobangi moja kwa moja, maana huyo hajawahi kuonyeshwa mchoro wa namna hiyo iliyoagizwa, wala hajawahi kuuulizia.

Bei ya kosa, hata hivyo, anaijua. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinasema kibao kisichofungwa inavyotakiwa ni shilingi 10,000. Nimezisoma kanuni hizo kwa mapenzi, kama wengine wanavyosoma menyu. Kuendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu ni shilingi 5,000. Kutumia simu ukiwa umeshika usukani ni 2,000. Kwa hiyo, Mheshimiwa, dere akipanda juu ya kijia ambacho mama muuza maembe ameketi, akakipita chote huku akijibu simu ya mwenye gari, atadaiwa 7,000. Akirudi barabarani salama, simu mfukoni, lakini kibao kimepinda, ni 10,000. Sisemi hesabu hii ni mbaya. Nasema tu mama muuza maembe angependa kuelezwa.

Wenzetu Wajapani, ambao magari yao makuukuu ndiyo mapya yetu, walilichukulia jambo hili kwa uzito wa kuogofya. Kule, bolti ya kushoto ya kibao cha nyuma hufunikwa kwa lakiri ya serikali, na kibao hakitoki bila kuivunja. Tangu Aprili 2016 ni marufuku kukifunika au kukigeuza, na magari yaliyosajiliwa kuanzia Oktoba 2021 yamepimiwa hadi pembe: kibao cha mbele kisiinuke wala kuinama zaidi ya digrii 10. Hata kifuniko cha bolti kina ukubwa wake, kipenyo kisichozidi milimita 28. Hebu mfikirie ofisa mzima, na sare yake, akipima kofia ya bolti. Kisha gari hilo linapanda meli, linashuka Mombasa, na nafasi ya nyuma iliyokatwa kwa kibao cha milimita 330 kwa 165 inakabidhiwa kibao chetu kirefu, ambacho hakiingii hata ukikibembeleza. Fundi anatoboa. Anatoboa gari, anatoboa kibao, wakati mwingine anatoboa katikati ya sifuri, na hakuna aliyevunjiwa lakiri.

Msidhani ni nganya peke yake. Vijana wa Subaru wamehamisha kibao cha mbele hadi pembeni, karibu na taa, wakidai kikikaa katikati kinazuia gari kupumua. (Alfa Romeo nyingi hufanyiwa hivyo kiwandani, kwa sababu ngao yake ya pembetatu imekaa katikati. Subaru haina ngao. Ina mwenye gari aliyewahi kuona Alfa Romeo.) Kuhusu bodaboda sitasema mengi: kibao chao kimoja cha nyuma hukunjwa kikatazama juu, na naamini ndege wa angani wanakisoma bila shida.

Lakini nganya ina kesi ya kipekee, na naiomba ofisi yako iisikilize. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, kwa tangazo la kisheria nambari 161 la 2003, alizifunga matatu mkanda wa manjano, akazipa vidhibiti mwendo na dereva mwenye sare. Kanuni zilipoanza kutumika Februari 2004, magari yote yalifanana, na michoro ikatoweka. Haikutoweka sana. Ilirudi kidogo kidogo, kisha Rais Uhuru Kenyatta akaitetea kuwa ni kazi ya vijana, ikarudi na spika zake. Mkanda wa manjano ungali pale mpaka leo, ila umepunguzwa ukawa kama uzi, na juu yake kuna joka. Nganya imejifunza kuitii serikali kwa kipimo kidogo kuliko vyote vinavyokubalika. Kibao chako nacho kimepewa kipimo hicho hicho.

Na abiria, kusema kweli, hakihitaji. Hakuna mtu wa Rongai anayesema alipanda KD-nini-nini. Anataja jina la gari, na aliyeuliza anajua rangi, makanga, hata aina ya muziki. Ukisahau mwavuli, unautafuta kwa jina. Taabu ni kwamba jina hilo halikai. Baada ya msimu, gari linarudi karakana, rapa aliyechorwa ubavuni anapakwa rangi juu yake na kuwa mshambuliaji wa Uingereza, na jina jipya linazinduliwa kwa honi. Mwenye bodaboda aliyegongwa usiku na rapa akiwa bado rapa, akalala hospitali miezi, anatoka kuja kumtafuta mtu ambaye hayupo tena duniani. Kitu pekee ambacho kingemsaidia ni kile kilichokuwa nyuma ya wavu, kimelala chali. Hapo sina mzaha, Mheshimiwa. Nambari hiyo ndiyo kumbukumbu yote aliyonayo maskini huyo, na fundi ameificha ili isiharibu sura.

Ndiyo maana nashangaa macho yenu yanavyochagua. Nganya inaonekana kutoka kilomita nzima na kusikika kutoka mbili. Hilo ndilo gari mnalolisimamisha kutafuta nambari. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha na baada yake, vyombo vya habari na watetezi wa haki za binadamu waliripoti watu waliochukuliwa na wanaume wasio na sare, ndani ya magari yasiyo na alama, mengine yakiwa na nambari za bandia. Nadhani magari hayo hayakuwa na joka wala taa za zambarau. Huenda vibao vyao vilikuwa vimefungwa vizuri sana: skrubu nne, digrii sifuri, herufi zote zinasomeka, isipokuwa tu zilikuwa za gari la mtu mwingine. Kwa kanuni za 2016, wangepita salama ukaguzi wa namna iliyoagizwa.

Ninaomba basi yafuatayo, na sitachukia nikikosa yote. Toeni mchoro, ukubwa wa ukurasa mmoja, ubandikwe kila karakana ya Grogan na Kariobangi, uonyeshe kibao kinakaa wapi, kwa urefu gani, kikitazama nani. Waiteni wachoraji wa nganya wawatengenezee fremu. Watu walioweza kuupendezesha mkanda wa Michuki hawawezi kushindwa na kibao. Kibadala cha kibao tangu 2022 ni shilingi 3,000, na kwa pesa hizo mtu ana haki ya kukionea fahari. Kisha ukaguzi uanze na magari yaliyo kimya.

Wako mtiifu,
Abiria wa kiti cha nyuma, upande wa spika.

N.B. Nimeambatisha kipimapembe kwa matumizi ya maofisa wako barabarani. Ni cha mwanangu, na ana mtihani wa hisabati Jumatatu.