Hita ya Gesi Ni Mgeni Mlaji: Namna ya Kumkaribisha

Julai ikiingia, watu wa Limuru na Nairobi huanza kazi ya kuziba. Matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo fundi aliyaacha makusudi, hushindiliwa magazeti. Chini ya mlango hutandazwa tambara. Kisha hita ya gesi huwashwa na familia hukusanyika kuizunguka. Huko ni kualika mgeni mlaji na kufunga stoo kwa kufuli.

Kabla hujamkaribisha, jua anakula nini. Hita ya kilowati 4.2, ile yenye vigae vitatu mbele na mtungi nyuma, huunguza gesi gramu 300 hivi kwa saa, na kila kilo ya gesi hutaka takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa hiyo kila saa anamaliza karibu mita za ujazo 4. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye dari ya mita mbili na nusu, kina 22 na ushei tu, na nyinyi pia mnapumua humo humo. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 21. Kikizibwa kabisa, chumba hicho kitashuka hadi 18 ndani ya saa moja. Hapo hita nzuri hujizima yenyewe, kwa kuwa ina kifaa kinachohisi upungufu huo. Nyingine hazina. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, na akianza kukusifia rangi, rudia swali.

Mgeni huyu akinyimwa chakula halalamiki. Anatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ule uvundo unaoujua ni wa dawa inayotiwa kwenye gesi ya mtungi ili ikivuja unuse. Hautakuonya kuhusu hii nyingine. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinagonga, kizunguzungu kinaanza, tumbo linachafuka, usingizi unakuja mzito. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu ikitoka nje, usimsingizie aliyepika. Zima, fungua milango, tokeni wote, na aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Sasa stoo. Ng'oa magazeti yote leo. Kwa chumba kidogo, kanuni za gesi za Marekani hutaka matundu mawili: moja ndani ya sentimita 30 kutoka darini, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni. Moto huvuta hewa safi kutoka chini na kusukuma iliyotumika juu. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, na tundu la chini huipa njia. Najua utasema joto litatoroka. Litatoroka kidogo, nalo ndilo karo ya kuamka kesho. Dirisha likitiririka maji, usishangae pia: kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, na maji hayo kwenye kioo yanakwambia hewa haizunguki. Masizi ukutani, au moto mrefu wa manjano, ni onyo kubwa zaidi. Zima, mwite fundi.

Chumbani mwa kulala mgeni huyu hana kitanda, wala bafuni. Awapashe joto sebuleni mkiwa macho, mzime, funga vali ya mtungi, kisha mwende mkajifunike blanketi.

Na jiko la makaa? Wengi hulingoja liishe moshi ndipo waliingize ndani, wakidhani sasa ni salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanamwaga kaboni monoksaidi kwa wingi, wala hakuna kifaa cha kuyazima hewa ikipungua. Anayelipenda joto lake avae koti, avute kigoda, akae nalo uani.