Cheti cha Nyarugusu, Sheria ya Pennsylvania

Binti yetu ana selimundu, na baridi ni adui mkubwa wa mwenye ugonjwa huo. Mwili ukipoa ghafla mishipa hubana, chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama njiani, na maumivu huanza. Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, alikozaliwa, tulihangaika na malaria. Hapa Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, tunahangaika na majira ya baridi. Alipofika darasa la tatu, mimi na baba yake tukakubaliana asomee nyumbani. Mama mkwe aliunga mkono kabla hatujamaliza kusema. Shemeji yangu, anayelala sebuleni tangu alipotufuata Marekani, akajitolea kufundisha hesabu.

Ushauri wa kwanza ulitoka Houston, jimbo la Texas, anakoishi wifi yangu. Watoto wake wote wamesomea nyumbani. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa ili kila mtu asikie. "Kaka, andika barua ya kumtoa mtoto shuleni, basi. Huku hatuombi ruhusa kwa mtu." Baba watoto akaiandika barua jioni ileile, na kesho yake mtoto akabaki nyumbani.

Wifi alisema kweli, ila ilikuwa kweli ya Texas. Mwaka 1994, katika kesi ya Leeper, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubali kwamba nyumba inayofundisha watoto kwa nia ya dhati, kwa mtaala ulioandikwa, ihesabiwe kuwa shule ya binafsi. Masomo yanayotakiwa ni matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Mzazi wa huko hajiandikishi popote, wala mtoto wake halazimishwi kufanya mtihani wa serikali. Pennsylvania ina sheria yake.

Haukupita muda ikaja barua ya wilaya ya shule. Pennsylvania humhesabu mtoto kuwa mtoro akikosa shule siku tatu bila udhuru unaokubalika. Zikifika sita, anaitwa mtoro sugu, na mzazi anaweza kufikishwa mbele ya hakimu na kutozwa faini isiyozidi dola 300 kwa kosa la kwanza. Shemeji alisoma kwa sauti na kututafsiria mstari kwa mstari. Aliposema hakimu, mama mkwe aliinuka, akaingia chumbani na kutoka na mfuko wenye nyaraka zetu zote tangu kambini, ameukumbatia kifuani. Mtu aliyekimbia Fizi, huko Kongo, usiku, mtoto mgongoni, akiona mhuri wa serikali huwaza kwanza jinsi ya kuondoka. Kanisani nako maneno yalikuwa yameshafika: wazungu wanachukua watoto. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri nyumbani mwetu.

Aliyetutuliza ni jirani, mwalimu mstaafu. Hakutupa maoni. Alikuja na sheria yenyewe imechapwa, akakaa mezani, tukaisoma pamoja kifungu kwa kifungu. Ni kifungu cha 1327.1 cha Sheria ya Shule za Umma ya mwaka 1949, kilichoingizwa na Sheria namba 169 ya mwaka 1988. Alitueleza jambo ambalo kila mgeni angepaswa kuelezwa anaposhuka kwenye ndege: Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, kwa hiyo kila jimbo hujitungia sheria yake. Ukivuka mto Delaware na kuingia New Jersey, mzazi halazimiki hata kutoa taarifa. Ukipanda kaskazini hadi New York, utatakiwa kuandika mpango wa masomo na kupeleka ripoti kila robo mwaka. Kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini kila moja lina masharti yake.

Sharti la Pennsylvania ni hati ya kiapo inayopelekwa kwa msimamizi wa wilaya ya shule wakati wa kuanza, na kila mwaka baada ya hapo ifikapo Agosti 1. Mzazi anaapa kwamba masomo yatatolewa kwa Kiingereza, anaambatisha malengo ya kila somo, na anaonyesha kuwa mtoto amepata chanjo na huduma za afya. La afya halikutusumbua, kwa kuwa jalada la binti yetu hospitalini ni nene. Lililozua mtafaruku ni jingine. Hati inamtaka mzazi athibitishe kwamba hakuna mtu mzima anayeishi nyumbani humo aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai katika miaka mitano iliyopita.

"Na mimi nimo?" mama mkwe akauliza.

"Umo, mama."

"Nimelea watoto wangu, wajukuu zangu na yatima wa watu. Leo naulizwa kama mimi ni mhalifu?"

Shemeji akamjibu kwa adabu: "Mama, hawakushuku wewe. Wanauliza kila nyumba, kwa ajili ya kila mtoto wa jimbo hili." Mama mkwe alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi wana haki ya kuuliza." Toka siku hiyo nikaanza kuiona sheria ile kwa jicho lingine. Inamlinda mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna bibi kama huyu.

Likabaki sharti la mwisho. Anayesimamia masomo lazima awe amemaliza sekondari. Baba watoto alikatizwa masomo na vita. Mimi nilisomea Nyarugusu, ambako shule za wakimbizi wa Kongo zilifuata mtaala wa Kongo, nikafanya Mtihani wa Taifa na kupata diploma. Siku zile watu waliniuliza diploma ya kambini itanifikisha wapi. Karatasi hiyo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ilikuwa ndani ya mfuko uleule wa mama mkwe. Tukaitafutia mfasiri, nikaapa mbele ya mthibitishaji wa hati, na wilaya ilipopokea karatasi zetu suala la utoro likafungwa.

Ndipo nyumba ikawa shule kweli. Sheria inadai siku 180 au saa 900 kwa mwaka katika elimu ya msingi, na masomo yake ni mengi: Kiingereza, hesabu, sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya Pennsylvania, uraia, afya, mazoezi ya mwili, muziki na sanaa. Limo pia fundisho la kudumu juu ya hatari za moto na namna ya kuuzuia. Binti yetu alilipenda kuliko yote. Alichora ramani ya milango, akachagua baraza ya jirani kuwa mahali pa kukutania, na akatuonya kwamba king'ora kikilia hakuna kurudi kuchukua kitu.

Asubuhi moja mama mkwe alikuwa anakaanga maandazi, mafuta yakapata moto kupita kiasi, moshi ukajaa jikoni na king'ora kikalia. Shemeji alizima jiko na kufunika sufuria kwa mfuniko, kama alivyofundishwa na mtoto. Binti alimshika bibi yake mkono, akamwamsha mdogo wake, akatutoa sote mpaka kwenye baraza ya jirani na kutuhesabu. Mama mkwe alikuwa na kanga moja na ndala. Alipopata pumzi alisema, "Mtoto huyu anafundishwa." Nililiandika tukio hilo kwenye daftari letu la masomo, maana sheria inataka kumbukumbu iwekwe kadiri siku zinavyokwenda, pamoja na sampuli za kazi za mtoto.

Darasa la tatu lina mtihani sanifu wa kusoma na hesabu, na mzazi haruhusiwi kuusimamia mwenyewe, kwa hiyo aliusimamia mtu mwingine. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye leseni ya ualimu alizungumza na binti yetu, akapitia jalada lake na kuthibitisha kwa maandishi kwamba anapata elimu inayofaa. Uthibitisho huo hupelekwa wilayani kabla ya Juni 30 kupita.

Nayaandika haya kwa ajili ya familia zetu zinazoendelea kufika huku. Ndugu akikupa ushauri kwa simu, muulize anaishi jimbo gani. Tafuta kifungu cha jimbo lako, ukisome na mtu anayekijua, upeleke hati kabla ya kumtoa mtoto shuleni, na ubaki na nakala. Ukihama jimbo, anza upya. Na wewe mama uliyemaliza sekondari katika kambi ya Nyarugusu, Kakuma au Dadaab, usiache cheti chako kiozee kwenye sanduku kwa kudhani hakina kazi huku. Hapa kwetu ndicho kilichotupa haki ya kufundisha.