Ukuta Mshukiwa

Juni 2025 mwalimu mmoja, mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Kabla ya kupambazuka alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani.

Tumezoea kusikia kuta zina masikio; kumbe za mahabusu zina na mikono, maana mpasuaji maiti wa serikali alikuta hata shingo imekabwa. Kamera za kituo nazo zilichezewa. Bila shaka ni ukuta uleule, ulipanda ngazi.

Inspekta Jenerali alifika mbele ya Seneti, akaomba radhi kwa kutupotosha. Maofisa wakashtakiwa kwa mauaji, wakakana. Ukuta, hadi leo, haujaandikisha taarifa.