Makosa Mawili Yanayoelewana

Kazi ya kukagua msimbo wa mwenzako ina ubaya wake: ukimwambia amekosea, naye akakuonyesha kwamba kitu kinafanya kazi, wewe ndiye unayebaki na sura ya mchawi. Mimi, mtu wa Tanga, nimeajiriwa hapa Brussels kwa kazi hiyohiyo. Ofisi yetu ndogo inatengeneza kamera za mlangoni, zile zinazokuonyesha kwenye simu nani anabisha hodi, nami husoma viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha Linux kusemezana na kamera. Anayeviandika ni kijana wa Bukavu, hodari, mcheshi, mwenye jibu moja kwa kila swali: "Mukubwa, iko inatumika!"

Kamera yenyewe ni OV5640, kijidude cha kukaa juu ya ukucha wa dole gumba. Ina pini iitwayo RESETB. Ukiishusha pini hiyo hadi volti sifuri, kamera inasahau yote iliyoambiwa na kunyamaza. Ukiiachia ipande, inaamka, nawe unaisubiri kama milisekunde 20 kabla ya kuisemesha. Kwenye Linux kuna faili linaloeleza bodi ilivyofungwa nyaya, na humo unaandika mara moja tu kwamba pini hii hufanya kazi ikiwa chini. Baada ya hapo kiendeshi hakijishughulishi tena na volti. Kikisema 1, maana yake "iweke kwenye reseti". Kikisema 0, maana yake "iachie". Kugeuza ni kazi ya kiini cha Linux.

Kijana wetu aliandika kwenye faili la bodi kwamba pini hufanya kazi ikiwa juu. Kosa hilo. Kisha kwenye kiendeshi akaandika 0 ili kuiweka kwenye reseti na 1 ili kuiachia. Kosa jingine. Makosa mawili yakakutana njiani, yakapeana mikono, kamera ikawaka.

Nikamwandikia: "Rekebisha kiendeshi. Rekebisha na faili la bodi." Akasoma sentensi ya kwanza, akarekebisha kiendeshi, akaenda zake uwanja wa Flagey kutafuta chipsi. Aliporudi, skrini ilikuwa imejaa hasi 121, namna ya Linux ya kusema kwamba umeita na wa upande wa pili haitiki. Nikagusa pini kwa mita: sifuri. Kila kiendeshi kilipodhani kinaiachia kamera, ndipo kilipokuwa kinaikaba.

"Unaona, mukubwa?" akasema, chipsi mkononi. "Ilikuwa inatumika. Weye njo umeiharibisha."

Sikumlaumu, maana nyumbani kwangu Ixelles nimeishi ndani ya kosa kama hilo. Fundi wa zamani alipishanisha mabomba ukutani, bomba jekundu likatoa maji baridi na la bluu maji moto. Mpangaji aliyenitangulia, mtu wa akili, akazibandua alama za rangi na kuzibadilisha nafasi, na maisha yakaendelea kwa amani. Mwaka jana mwenye nyumba akaleta fundi mwingine kutazama mvujo. Huyu akaona mabomba yamepishana, akayanyoosha kwa ustadi bila kuulizwa, akalipwa, akaondoka. Jioni nikafungua la bluu ninawe uso. Tangu siku hiyo sina ugomvi na fundi anayekosea. Ninayemwogopa ni fundi anayepatia nusu.

Na si sisi peke yetu. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, maelfu ya watu wa programu huria hukusanyika hapa Brussels kwenye FOSDEM, mkutano usio na kiingilio unaofanyika chuo kikuu cha ULB, kampasi ya Solbosch. Vyumba hujaa hadi mlangoni kunabandikwa karatasi ya kwamba hakuna nafasi, kwa hiyo elimu nyingi hupatikana kwenye foleni. Hapo niliwasikia watu wawili wakibishana kuhusu pini ya reseti. Mmoja alikuwa na bodi zilizokwisha kwenda kwa wateja, na ndani yake faili lenye kosa. Akirekebisha kiendeshi, kamera zote huko nje zinakufa. Kwa hiyo ameliacha kosa mahali pake na kuliandikia maelezo marefu kwamba ni kosa, tena linajulikana, na mtu asiliguse. Nikatamani kumpata mtu huyo aje ayaandikie mabomba yangu.

Tulipomaliza reseti, yakaja majina ya rejista. Rejista ni visanduku vya namba ndani ya kamera, na kila kimoja kina anwani yake. Ukisoma 0x300A na 0x300B unapata 5640, ndiyo kamera inajitambulisha. 0x3500 na viwili vinavyofuata vinashika muda wa kupokea mwanga. Viendeshi vingi vya kamera vimejaa majedwali ya namba tupu, kwa sababu watengenezaji wengi hawatoi vitabu vyao ila kwa aliyetia saini kwamba hatasema. Kijana naye alininakilia jedwali la namba tupu. Nikamwambia kila anwani tunayoigusa iwe na jina.

Hapa mjini jina si jambo la mzaha. Ixelles ni Elsene pia, na stesheni ya Bruxelles-Midi ndiyo Brussel-Zuid. Kila kibao cha mtaa kinasema mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Kijana akaanza kwa Kifaransa. Mwenzetu Mflandri, meza ya jirani, akauliza kwa upole mbona kwa Kifaransa tu. Asubuhi yake kila rejista ilikuwa na majina mawili: 0x3500 ikaitwa REG_POSE, na chini yake REG_BELICHTING, haki sawa kwa wote.

Ila kwenye BELICHTING kidole kiliteleza, ikaandikwa 0x3503, ambayo ni swichi ya kuizuia kamera isijirekebishie mwanga yenyewe. Kwa hiyo msimbo ukiitumia POSE, mgeni mlangoni alionekana hadi vifungo vya koti. Ukiitumia BELICHTING, alionekana kivuli chenye kofia. Kwa Kifaransa kulikuwa mchana, kwa Kiholanzi usiku, na Mflandri wetu akasema hilo halimshangazi.

Nikatoa hukumu: jina moja, lilelile la kitabu cha mtengenezaji, likitanguliwa na OV5640, ili atakayelitafuta mwakani alikute.

"Kitabu kiko mu Kingereza," kijana akasema. "Hapa nani Mwingereza?"

Hakuna. Ndiyo maana likapita. Wote wawili walikasirika sawasawa, na hapa Ubelgiji hayo ndiyo huitwa maafikiano.

Majina yakasafishwa, faili la bodi likarekebishwa pamoja na kiendeshi, kamera ikajitambulisha kwa mara ya kwanza bila msaada wa kosa lolote. Kisha mkuu wa ofisi akaingia anatabasamu: tumepata mteja mkubwa, yuko Eupen. Ubelgiji ina lugha rasmi tatu, na huko Eupen wanasema ile ya tatu, Kijerumani.

"Mukubwa," kijana akasema, tayari amelifungua faili la majina, "nianzie wapi?"