Mjomba, Niponye

Ukitaka kujua kama umezeeka, cheza gemu moja ya mtandaoni kwa miaka mingi, halafu subiri siku watakapoongeza kabila jipya.

World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004 ilikuwa na makabila manane na fani tisa, na mambo yalikuwa yamenyooka. Paladini, yule askari wa dini, alipatikana upande wa Alliance tu. Shamani, mzee wa kuita radi, alikuwa mali ya upande wa pili, Horde. Januari 2007 wakaletwa Blood Elf na Draenei, na mpaka ule ukafutwa: Horde wakapata paladini wao, Alliance wakapata shamani wao. Wazee wa seva wakalalamika wee, kwamba gemu imeharibika. Usiku, walipobaki peke yao, kila mmoja akajitengenezea Draenei wake mwenye kwato na mkia.

Mimi sikulalamika, maana nilikuwa mti. Druidi anayeponya, enzi hizo, aligeuka mti wenye mikono na miguu, akabaki hivyo vita nzima akiwamwagia wenzake uhai. Ni kazi isiyo na shukrani. Wakishinda, wameshinda wao. Wakifa, mti ulikuwa umelala.

Novemba 2008 wakaja Death Knight, fani mpya ya kwanza tangu gemu izaliwe. Sisi wengine tulianzia levo ya 1, na silaha duni, tukikimbizwa na mbwa mwitu. Death Knight alianzia levo ya 55! Ni maiti aliyefufuliwa na Lich King, mfalme wa wafu, amevaa chuma mwili mzima, na haipiti muda anamiliki farasi ambaye naye ni maiti. Sharti lilikuwa uwe tayari na mhusika mwingine aliyefika levo hiyo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa naye mmoja, basi akajisajili umautini siku ileile.

Mafunzo yao yana kisa ninachokipenda hadi leo. Wakishamwasi Lich King, wale wa Alliance hutumwa mji wa Stormwind kuonana na mfalme wa huko, na wakipita mjini wananchi huwatupia matunda yaliyooza. Mpwa wangu aliona ni uonevu mtupu. Baada ya kucheza naye kidogo, mimi nikawa natamani kujua matunda yale yanauzwa wapi.

Shida ilikuwa ule uchawi wao wa kumvuta adui aliye mbali mpaka miguuni. Mpe kijana uchawi wa kuvuta, atavuta. Tulikuwa Hellfire Ramparts, kundi la watu watano, tumejibanza kwenye kona tukipanga nani apigwe kwanza, na mana yangu, ile nguvu ya uchawi, ikiwa imebaki robo. Mara nasikia kwenye spika za masikioni:

"Shikamoo, mjomba."

Shikamoo ya katikati ya vita haina nia njema.

"Marahaba. Umemvuta nani?"

"Huyu mmoja tu."

Yule mmoja alikuja na ukoo wake wote, na mbwa wao. "Mjomba, niponye! Niponye, mjomba!" Nikamponya mpaka mana ikakauka, nikabaki mti mkavu katikati ya maorki, na umeme wa mtaani kwetu ukaona huo ndio wakati wake wa kukatika. Niliporudi, nilikuta ujumbe wake: kwa nini nimewakimbia?

Tulipofika bara la Northrend mambo yakawa makubwa zaidi. Siku hizo Death Knight aliweza kumwinua mwenzake aliyekufa awe zombi kwa dakika chache, aendelee kupigana. Nikafa, kama kawaida ya waganga, na kwenye skrini nikaulizwa kama nakubali kuinuliwa. Nikakubali. Vitufe vyangu vyote vya tiba vikatoweka, vikaja vya kurarua na kuruka. Nikawa nararua kiatu cha bosi, huku kundi zima likilia kwamba mganga yuko wapi. Mganga alikuwa hapo hapo, anang'ata.

Kisha ugomvi wa mali. Ndani ya ngome ya Naxxramas, mavazi bora yalitolewa kwa vocha, na ya kwetu druidi tuligawana na wezi, wachawi wa barafu na, kwa mpango wa mtu nisiyemjua, hao maiti. Tukarusha kura ya 1 hadi 100. Nikapata 97, nikaanza kushukuru. Mpwa wangu akapata 98, akasema, "Pole, mjomba," kwa sauti ya mtu ambaye hana pole yoyote.

Ninaelewa kwa nini wanaongeza. Gemu kongwe isipopata wageni inakuwa kijiji cha wazee wanaosimuliana vita vya zamani, na mimi ningekuwa mwenyekiti wao. Hata Pandaren, yale madubu ya Kichina, yalianza kama utani wa Siku ya Wajinga mwaka 2002. Mwaka 2012 yakawa kabila rasmi. Lakini mwaka 2010, walipowaruhusu Worgen na Troll kuwa druidi, walininyang'anya mti. Tangu hapo ukawa wa sekunde chache, kisha unasubiri dakika kadhaa. Troll anakaribishwa uganga, mimi nafukuzwa msituni.

Mwaka 2022 akaja Evoker, joka la kabila la Dracthyr, aliyeanzia levo ya 58. Huyu anaweza kuponya. Mpwa wangu, ambaye sasa ana mke na kitambi, akanipigia simu: "Mjomba, safari hii wewe pumzika, nitakuponya mimi." Nikafurahi, nikachukua druidi wangu, nikamgeuza dubu, nikasimama mbele. Sikujua kwamba Evoker ana uwezo wa kumnyakua mwenzake na kuruka naye hadi mahali pengine. Bosi akainua shoka. Nimejipanga vizuri tu. Mara miguu haiko chini. Akanibeba, akanitua katikati ya moto.

"Mjomba, shikamoo," akasema. "Nilikuwa nakuokoa."