Ubani Umeniponza

Karani wa ardhi ana ubaya wake, lakini ana uso. Akikwambia njoo kesho, mlango wa kurudi unaujua, saa yake ya chai unaijua, na ukizidiwa unamtafuta shemeji yake. Mema yake haya nimeanza kuyaona tangu kampuni moja kubwa ya mtandao, jina nalimeza, iliponifungia akaunti.

Kosa ni ubani. Mke wangu anauza udi na ubani kwenye ukurasa uliofunguliwa kwa jina langu. Alipiga picha nzuri kweli: mapande meupe ndani ya vifuko vya nailoni vinavyoonyesha, pembeni mzani mdogo wa sonara, bei chini. Mtu yeyote wa Tanga angeuliza tu kama bei inapungua. Mashine iliona unga. Kufumba na kufumbua naambiwa nimeuza dawa za kulevya, na kwamba suala langu limepitiwa kwa makini.

Nikakata rufaa. Rufaa yenyewe ni kuikodolea macho simu: geuka kushoto, geuka kulia, inua kidevu, kama niko kwa kinyozi. Kisha wakatuma namba ya siri ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, wakaituma kwenye barua pepe ileile waliyoifunga. Nikabahatika kumpata "msaidizi". Akanipokea kwa bashasha, akanipa pole kwa usumbufu, akanielekeza kwenye ukurasa wa msaada. Ukurasa ukanirudisha kwa msaidizi. Nikamuuliza, wewe ni mtu? Akanishukuru kwa maoni yangu. Mke wangu akashauri tuifukize simu.

Ila kwenye kadi ya benki hawajanisahau. Pesa za tangazo la ubani uleule zinaendelea kukatwa.

Afadhali yangu. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga picha mwanawe mdogo aliyevimba sehemu za siri, kwa kuwa muuguzi aliomba picha hizo ili daktari azione. Mitambo ya Google ikamhesabu mnyanyasaji wa watoto. Barua pepe, picha za familia, hadi laini ya simu, maana nayo ilikuwa ya Google, vyote vikaenda na maji. Polisi wakachunguza, wakaona hakuna kosa. Mpelelezi alipotaka kuwasiliana naye akashindwa: simu na barua pepe zake hazipatikani! Polisi wamemsafisha, Google ikakataa kumrudishia.

Mwaka huohuo Andrew Spinks, aliyebuni mchezo wa Terraria, naye alifungiwa na Google kwa wiki kadhaa. Akatangaza hadharani kwamba mchezo wake haupeleki tena Stadia, jukwaa lao la michezo wakati huo. Haukupita muda mrefu, akaunti ikarudi. Haya, mimi niwanyime nini? Udi?

Wazungu wa Ulaya wamejitungia sheria. Tangu Februari 2024 majukwaa yanayohudumia watu wa huko, ukiacha yale madogo, hayaruhusiwi kuachia mashine peke yake iamue malalamiko ya mteja. Lazima awepo binadamu mwenye sifa. Chumbageni yetu, hapa Tanga, haiko Ulaya, kwa hiyo sisi tunaendelea kugeuza shingo kushoto na kulia.

Kijana wa kibanda cha simu anasema tatizo langu dogo, ana mtu wa ndani, elfu hamsini tu. Mtu wa ndani! Mimi kampuni nzima nimekosa hata mtu wa nje, wa kunifukuza getini.

Sasa ameibuka tapeli mwenye akaunti ya jina langu na picha yangu ya harusi, anakopa kwa ndugu zangu mmoja mmoja. Nikamripoti kwa simu ya mke wangu. Jibu likaja upesi: wameipitia akaunti hiyo, haijakiuka taratibu. Shangazi yangu wa Pangani, tayari kashamtumia nauli, hataki kusikia lolote baya juu yake. Akimwandikia tu, anajibiwa papo hapo, tena kwa shikamoo. Ananiuliza kwa nini adabu hiyo naiacha kwenye simu nikienda kumsalimia nyumbani.