Suruali Zangu Zimepanda Cheo

Jamani, mimi sina suruali. Msicheke kwanza. Nilikuwa nazo tano. Sasa nina mbili, na moja ni ya kuendea misibani. Tatu zimekwenda shule. Ndiyo, shule. Zimesoma, zimefaulu, zimepanda cheo. Mimi mwenyewe nimebaki palepale, nje ya duka la Mangi, na kikoi.

Keko mnaijua. Keko ni fanicha. Ukishuka kwenye daladala huulizi njia, unafuata vumbi la mbao na harufu ya vanishi. Makochi yamepangwa barabarani utadhani na yenyewe yanasubiri usafiri. Na penye makochi pana vipande. Fundi akishakata kitambaa cha kochi, cha pembeni kinabaki, upana wa kiganja, kinatupwa. Miaka yote kinatupwa. Watoto wanafumia mpira. Mimi nafutia viatu. Nani angekitazama mara mbili?

Mpaka akaja mwalimu.

Mwalimu ni mama mtu mzima, kashona tangu ujana wake, ana cherehani ya miguu inayolia kama kuku anayetaka kutaga. Akaanzisha darasa barazani kwake, Jumamosi saa nane mchana. Darasa la viraka. Niliposikia nikacheka hadi kahawa ikanipalia. Viraka! Nyie, mimi nimekua na viraka. Kaptula yangu ya shule ya msingi ilikuwa na viwili kwa nyuma, kila upande kimoja, darasa zima wakiniita Miwani. Leo mtu alipe elfu tano kwa wiki afundishwe shida zangu?

Mama watoto akalipa.

Wiki ya kwanza karudi na mraba mmoja. Mmoja tu. Umeungwa kwa vipande tisa vidogo. Saa tatu nzima mtu anashona vipande tisa ili apate kimoja! Nikamuuliza kwa upole, kwani kipande kimoja kikubwa kilikuwa na kosa gani? Akaniangalia. Akasema, "Baba watoto, wewe kunywa chai yako." Chai yenyewe ilikuwa haina sukari. Hela ya sukari imekwenda kwenye uzi.

Wiki ya tatu nyumba ikawa si yangu. Vipande juu ya meza. Vipande chini ya kitanda. Kimoja nimekikuta kwenye maharage, nikadhani ni nyama, nikafurahi. Na pini! Mwezi mmoja nimekalia pini nne. Ya nne hata sikupiga kelele, nilisogea tu. Mafundi makochi nao walipoona kinamama wanaokota, wakaacha kutupa. Kiroba cha vipande sasa buku mbili. Keko hata takataka zimepata bei. Mimi bado.

Halafu wana umoja wao, acha kabisa. Kikoba wanacho. Sare wanazo. Mwenzao akijifungua, kila mmoja analeta mraba wake, wanaunga, mtoto anapata blanketi. Wanakaa duara, kitu kimetandazwa magotini kwa wote, kila mtu anashona upande wake huku wanasema watu. Wanasema waume. Nimejuaje? Nikipita wananyamaza. Nikishapita wanacheka.

Basi Jumamosi moja nikaitwa nibebe meza. Kubeba meza ndiyo elimu yangu hapa Keko. Nikabeba, nikapewa kigoda nipumzike nyuma kabisa, mwalimu akaanza somo. Akauliza nani anajua khanga ilianzaje. Na mimi mdomo huu! Nikanyoosha mkono. Nikasema, ilianzia kiwanda cha Urafiki.

Kimya.

Mwalimu akavua miwani. "Urafiki kimefunguliwa 1968, baba. Kabla ya hapo bibi yako alikuwa anajifunga nini?"

Kinamama wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Mwalimu akaeleza. Kumbe karne ya 19 huko, kinamama wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa na Wareno, na hata jina lenyewe ni la Kireno. Leso zinakuja kwenye jora, zimeshikana. Wao hawakati moja moja, wanakata tatu tatu. Mkato wa leso tatu huku, mkato wa leso tatu huku, wanaunga katikati. Leso sita, nguo moja ya kujifunga. Wenye maduka kuona hivyo, nao wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa bila kuungwa. Ndiyo khanga hiyo. Mtoto wa kuungaunga.

Nikahesabu kichwani doti nilizonunua Mtaa wa Uhuru kwa miaka kumi na minne ya ndoa. Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia historia. Angeniambia ningeomba punguzo.

Binti wa mwalimu akatoa simu, akatuonyesha picha za India. Jimbo la Karnataka, kuna watu wanaitwa Wasidi. Weusi kama sisi, wazee wao walitoka Afrika zamani, wengi kwa utumwa. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka kwa nguo kuukuu, wanayaita kawandi. Na hawaanzii katikati. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka, wanazunguka, mpaka wanakutana katikati. Nikasema, kama ugali wa moto! Mara ya kwanza mwalimu akanikubalia. Nikavimba. Akaongeza kwamba kwenye kona nne wanamalizia na kiraka kinaitwa phula, maana yake ua, na blanketi lisilo na phula wanalihesabu liko uchi. Nikajitazama suruali ilivyochakaa magotini. Nikafunika kwa mikono.

Laiti somo lingeishia hapo. Jamani, lingeishia hapo!

Akaingia Marekani. Jimbo la Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Kinamama weusi, watu wa shamba, maisha magumu, baridi inapenya ukutani. Wanashona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 kafiwa na mumewe. Akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akaziunga blanketi, awe anajifunika na kumkumbuka. Miaka ikapita. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji kile yakatundikwa jumba la makumbusho New York, watu wanaingia kuangalia. Mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta. Suruali za shamba kwenye stempu!

Baraza zima likalia. Hata mimi kohozi lilinikaa kooni. Nikamtafuta mama watoto nimpe leso. Halii. Anaitazama suruali yangu.

Usiku nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba yule mume alikuwa amekufa. Mimi niko hai.

Akasema, "Sasa lazima nisubiri?"

Jumamosi iliyofuata narudi kibaruani nakuta misumari nyuma ya mlango iko mitupu. Kaki ya kazi, haipo. Jinzi ya Mchikichini, niliyoipigania na mtu mwenye nguvu kunizidi, haipo. Kijivu ya tetroni, haipo. Nikakimbia barazani kwa mwalimu. Nikazikuta mezani, vipande vya mraba, zimepangwa vizuri kuliko zilivyowahi kupangwa nikiwa ndani yake.

Hapo ndipo jasho likanitoka. Ile ya kijivu nilikuwa nimeivaa jana yake jioni. Nyuma ina mfuko wenye kifungo. Ndani ya mfuko niliweka kikaratasi. Kikaratasi gani? Tusifike huko.

Nikauliza, mfuko uko wapi? Mwalimu akauinua. Kakata kipande kizima na mfuko wake. "Huu hatuutoi, ni pambo. Utakaa pale juu. Na usipigwe pasi, tetroni haielewani na mkaa." Nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi la vidole. Ningesemaje? Ukiuliza habari za mfuko itabidi ueleze habari za mfuko.

Nikajiunga na darasa. Nilipe elfu tano nikae jirani na mfuko wangu mwenyewe! Mtaa mzima ukanisifu. Mume wa mfano huyo. Kijiweni wakaniita Mama Miwani. Nikapewa kona moja nishone ua. Viraka juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, sindano ipite zote tatu itokee upande wa pili. Yangu ilikuwa inatokea kidoleni. Nikavumilia, huku nasogea, mshono mmoja mmoja, kuelekea mfuko. Nikiwa nimebakiza shubiri moja, adhana ya alasiri ikasikika, nikainuka. Blanketi likainuka na mimi. Kinamama kumi na watano wakainuka na blanketi. Kumbe nimejishona mkono wa shati.

Wakakata shati. Kipande kilichobaki kwenye blanketi mwalimu akakiangalia, akainamisha kichwa, akasema, "Kiacheni, kimetulia." Nikafukuzwa darasa. Elfu tano hazikurudi.

Wiki mbili baadaye wakafanya maonyesho chini ya mwembe. Mazoezi, walisema, maana ndoto yao ni Sabasaba, na viwanja vya Sabasaba si hapo tu Barabara ya Kilwa, Temeke yetu wenyewe. Wakafunga kamba za kuanikia, wakatundika mablanketi. Tuseme ukweli, yalipendeza. Lile la kwetu lilikuwa na vitenge pembeni, vitambaa vya kochi vyekundu, na katikati, kwenye kiti cha heshima, suruali zangu. Kijiwe chote kikaja. Mmoja akapiga kelele, "Hii si ile kijivu aliyopigia magoti kwa mwenye nyumba?" Watu wakasogea kuona goti. Wakapiga nalo picha. Mimi nimesimama pembeni, na goti lenyewe halisi, hakuna aliyeniuliza.

Dada mmoja mwenye gari akafika dau laki na nusu. Laki na nusu! Hizo suruali zote tatu pamoja na mimi ndani hazikufika elfu arobaini. Mama watoto akatikisa kichwa. Haliuzwi. Nikahisi joto kifuani. Miaka kumi na minne! Nikamsogelea, nikamnong'oneza, ahsante mama watoto.

"Ahsante ya nini? Hili la wageni."

Likaingia kabatini, na glasi za wageni, na sahani za wageni. Mfuko wangu nyuma ya kioo. Ufunguo kiunoni kwake.

Ijumaa iliyopita mgeni akaja. Mama mkwe, kutoka Korogwe.

Sasa nyie mnaojua adabu, nisaidieni. Mimi mama mkwe hata viatu vyangu navificha asivione. Usiku huo mama mkwe kalala kajifunika suruali zangu. Zote tatu! Sikupata usingizi. Niliona aibu kwa kila goti.

Asubuhi nikapiga goti nje ya mlango. "Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba baba. Nimelala vizuri mno. Blanketi lenu lina akili. Lina na kamfuko, usiku nimetia miwani yangu." Nikashika nguzo. "Ila mlikuwa na kikaratasi humo. Mjukuu wangu yuko darasa la nne, kanisomea."

Na mtoto, Mungu amjalie, anasoma vizuri. Kanisomea na mimi, kwa sauti, mstari kwa mstari, timu saba za Uingereza. Chini kabisa, shilingi 20,000.

Mama watoto akaweka kikombe chini. Taratibu kabisa. "Baba watoto. Ndiye huyu marehemu uliyempelekea rambirambi?"

Nyumba ile kila kilichochanika kimeshonwa. Mkeka wangu tu ndio uliochanika ukabaki hivyohivyo.

Mama mkwe bado yupo. Anaondoka mwisho wa mwezi. Na jana nimemkuta mwenzangu mlangoni, tepu shingoni, anaitazama ile suruali ya misibani. Sikusema neno. Sasa nalala nayo.